Meza ya Mwaka wa Tatu

Chumba alichokaa Lydia kilikuwa ghorofani, juu ya tanuri la mikate, pale Green Lanes, London, na kabla hakijawa chake kilikuwa cha marehemu Sabina. Wenzake wa kanisani walipomwuliza mtu mzima na akili zake anahamiaje chumba alichofia mtu, alijibu kwamba kodi ni nafuu na moto wa tanuri unapasha sakafu bure. Yote mawili yalikuwa kweli. La tatu hakulisema. Hakumwambia hata binti yake Makena, aliyeolewa Birmingham. Na katika sala zake alilizunguka tu, kama mtu anavyozunguka dimbwi njiani, ingawa alijua Mungu analiona dimbwi.

La tatu lilikuwa hili: Jumapili aliyokufa, Sabina alimpigia simu mara tatu, na Lydia hakuipokea.

Lydia alizaliwa Frere Town, Kisauni, kwa Waswahili waliokulia chini ya kengele ya kanisa. Shule aliishia darasa la saba. Alikuja London kumtunza Bi Lata, ajuza wa Kihindi wa Mombasa aliyekuwa akiishi Rayners Lane, na ajuza alipofariki, Lydia akaingia kazi ya usafi wa maofisi. Saa kumi na moja alfajiri yuko ghorofa ya saba karibu na Liverpool Street, na mopu, ndoo na funguo. Huko ndiko alikokutana na Sabina.

Sabina alikuwa Mbolivia, wa mji uitwao Cochabamba, mfupi, mpana wa mabega, misuko miwili ya nywele imefungwa pamoja mgongoni. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha ndoo na sabuni, lakini kiliwatosha kuteta wakuu wa kazi na kuulizana hali. Kila alipofika kwenye mlango wa ofisi, Sabina aligonga fremu mara mbili kabla ya kuingia.

"Wagonga nini, dada, na ndani hamna mtu?"

"Wewe unajua vipi hamna mtu?"

"Funguo ninazo mimi!"

"Wao hawahitaji funguo, Mama Lidia," Sabina akasema, akaingia na ndoo yake bila kucheka. Lydia ndiye aliyecheka.

Walifanya kazi pamoja miaka saba. Sabina alikuwa amepanga kile chumba juu ya tanuri, na mama mwenye tanuri alipotafuta mtu wa kuosha sinia za mikate mchana, Sabina ndiye aliyempeleka Lydia. Mama huyo ni Nurten, Mturuki, mjane sasa, mwenye mwili wa kushiba na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Basi Lydia akawa na kazi mbili: alfajiri akawa miongoni mwa Wabolivia, mchana miongoni mwa Waturuki. Na mtu akikaa katikati ya majumba mawili hataacha kulinganisha, hata kama ni dhambi ndogo.

Alichoona ni kwamba wote walianzia cherehani. Nurten alishona makoti katika chumba cha chini ya ardhi kule Hackney, miaka kumi, yeye na shemeji zake, mpaka ukoo ukanunua duka la kwanza, na duka likazaa tanuri. Sabina naye alishona miaka kumi na mmoja, katika chumba cha chini ya ardhi vilevile, ila chake kilikuwa Buenos Aires, katika nchi ya jirani na kwao. Cherehani yake haikuzaa kitu ila macho mabovu. Kutoka huko akaja London kwa viza ya matembezi, akafagia.

Waturuki walikuwa na msikiti wao, gazeti lao, mhasibu wao, daktari wao wa meno. Ukitaka fundi wa bomba unamwita kwa lugha yako. Wabolivia walikuwa na ukumbi mmoja wa kukodi na pembe ya soko ambamo mama mmoja aliuza sambusa zao zenye mchuzi ndani, na hilo soko lilikuwa tayari limewekewa ilani ya kubomolewa. Karatasi za Sabina zilikuwa Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji, mwaka wa nne. Siku moja Lydia alimsaidia kujaza fomu ya kiliniki, wakafika mahali pa kabila. Mwafrika ana kisanduku chake, Mhindi chake, Mchina chake. Walitafuta juu mpaka chini.

"Hapa," Lydia akasema, "pameandikwa Wengineo."

"Basi ndiyo mimi." Sabina akachukua kalamu mwenyewe. "Wengineo. Kabila kubwa hilo, tuko dunia nzima."

Jumamosi moja ya Kwaresima, kwenye ngazi za kazini, Sabina alishika kifua, akakaa. Lydia akamwambia twende hospitali. Sabina akasema hospitali wataniuliza karatasi, na mimi maneno yao siyajui. Twende pamoja, wewe useme. Lydia akasema sawa, Jumatatu baada ya shifti, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku yake ya kuvishwa beji ya Umoja wa Kina Mama, kule Woolwich kwenye ibada ya Kiswahili, naye ndiye aliyepewa somo la kusoma. Alikuwa ameingoja beji hiyo miaka miwili. Alipiga pasi kitambaa cheupe usiku ule.

Simu ililia saa nne na dakika kumi, saa nne na robo, na saa nne na nusu. Ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chini ya kiti, imezimwa sauti. Alipoiona ilikuwa saa nane, na aliyempigia sasa alikuwa Nurten.

Tangu hapo kila Jumapili, saa nne na dakika kumi, Lydia huhisi simu ikitetemeka pembeni mwa paja lake. Alianza kuiacha nyumbani. Ikatetemeka vilevile. Husimama na wenzake kuimba, beji kifuani, na paja linatetemeka mpaka saa nne na nusu, kisha linatulia, na huko kutulia ndiko kubaya zaidi.

Mazishi nayo yalimwonyesha jambo. Mume wa Nurten alikufa mwaka uleule wakati wa kiangazi. Waturuki wana mfuko wao wa misiba: kila nyumba hutoa kidogo kila mwaka, na mtu akifa haombwi mtu. Mzee alioshwa msikitini asubuhi, siku ya tatu alikuwa kijijini kwao, chini ya udongo wa kwao, na Nurten akasimama jikoni akikoroga halua ya semolina kwa ajili ya marehemu, mtaa mzima ukala. Sabina alikaa mochari majuma matatu. Wafagiaji wenzake walikaanga kuku, wakauza sahani ukumbini, wakafagia alfajiri wakaenda kuuza tena. Kilichopatikana kilitosha kumchoma tu. Majivu yalikwenda Cochabamba kwenye begi la mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao, katikati ya sweta.

Na Wabolivia wana desturi yao, ambayo Sabina mwenyewe alikuwa amemsimulia Lydia wakifua vitambaa. Mtu akifa, roho yake hurudi nyumbani miaka mitatu, kila tarehe mosi ya mwezi wa kumi na moja, saa sita mchana, ikaondoka kesho yake saa sita mchana. Huwekewa meza: chakula alichokipenda, maji, picha yake, mkate wa umbo la mtoto na mkate wa umbo la ngazi ili ashukie. Mwaka wa tatu huagwa, akaenda moja kwa moja. Asipowekewa meza, hubaki njiani na njaa.

Mwaka wa kwanza na wa pili wenzake walimwekea ukumbini. Mwaka wa tatu ukumbi haukuwapo tena wala soko, na watu wenyewe walikuwa wametawanyika, huyu Madrid, yule kwao, yule hajulikani. Basi mwisho wa mwezi wa kumi Wilma, binti wa pekee wa Sabina, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi kule Cochabamba, akampigia Lydia.

"Mama Lidia, samahani kukusumbua. Mama hana kaburi, sisi hapa tuna kopo la majivu tu. Bibi anasema roho itarudi pale ilipotokea, kwenye chumba chake. Chumba chake ni chako sasa. Wewe ndiye rafiki aliyekuwa naye. Utamwekea?"

Wewe ndiye rafiki aliyekuwa naye. Lydia alishika ukingo wa kitanda.

"Nitamwekea, mwanangu."

Kusema ni rahisi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimvuta pembeni Mama Eddie, mwenyekiti wao, mama mwema lakini ulimi wake haukunjwi.

"Sahani ya maiti?" Mama Eddie akatupa macho huku na huku. "Mama Makena, umevishwa beji juzi tu, leo wataka kutambika?"

"Si kutambika. Ni kama arobaini zetu. Kwani arobaini hatupiki?"

"Twapika, wakala walio hai! Ushawahi kuona mimi nikimpakulia marehemu pilau? Na nyama nimwekee ngapi?"

Mama Eddie alimshika mkono, sauti ikashuka. "Omba, mama. Ukiona moyo wakutuma, basi mwombee huyo dada. Mwombee kwa Mungu wako. Meza waachie wenyewe."

Wenyewe hawapo, Lydia alitaka kusema, lakini basi la kurudi lilikuwa limeshafika.

Kwa Nurten mambo hayakuwa mepesi zaidi. Lydia alimweleza akikausha sinia. Nurten alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga.

"Ngazi nitaoka. Mtoto, sawa, nitaoka. Lakini uso simtii. Macho na mdomo ni kazi ya Mungu, na mimi siku ya kiama sitaki kuulizwa kuhusu mkate."

"Bila uso atamjuaje kuwa ni mtoto?"

"Kwani huyo Sabina ni mjinga? Miaka mingapi alikaa juu ya kichwa changu? Atajua."

Ijumaa, tarehe mosi, Lydia alirudi kutoka kazini saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni, akaosha mikono kama anayeingia kupika kwa wageni wakubwa. Alitandika shuka nyeupe juu ya meza ndogo ya dirishani. Akaweka picha ya Sabina, ile waliyopigwa kwenye lifti, ndoo ikionekana. Akaweka supu ya karanga, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikipikwa kwao, naye Lydia karanga anazijua. Viazi. Glasi ya maji. Wilma alikuwa ametaka pombe yao ya mahindi iwekwe. Lydia alikataa tangu mwanzo, kwamba kwake pombe haiingii, na Wilma akasema Mama atanuna, na Lydia akasema atazoea, miaka saba alikunywa chai yangu ya tangawizi. Basi akaweka chai. Mwisho akaweka mikate, ngazi imeegemezwa ukutani, na yule mtoto wa mkate, amefungwa nepi ya unga, kichwa laini kama yai. Lydia alimtazama, akageuza macho.

Kisha akaja nzi.

Mwezi wa kumi na moja London hauna nzi, lakini nyumba ya tanuri ni nyumba ya tanuri. Alikuwa mmoja, mkubwa, mweusi, mzito wa baridi. Alitua kwenye ukingo wa bakuli la supu. Lydia alimpunga kwa kitambaa. Akaruka, akatua kwenye picha. Akampunga. Akafungua dirisha, baridi ikaingia, nzi hakutoka. Alizunguka chumba taratibu, akarudi palepale kwenye supu, akatembea ukingoni akisugua miguu yake ya mbele. Lydia ni mtu aliyefagia miaka kumi. Uchafu mahali pa chakula cha mgeni ni kitu kinachomkera kama mwiba. Alivua kandambili, akangoja nzi atue kwenye shuka, akampiga mara moja. Akamwokota kwa karatasi ya chooni, akafuta doa, akachukua kawa lake la ukili alilotoka nalo Mombasa, akakifunika chakula vizuri. Akatazama meza, akaridhika.

Saa sita kamili Wilma alipiga kwa video. Kwao ilikuwa saa mbili asubuhi. Nyuma yake palikuwa na bibi kizee aliyevaa kofia.

"Amekuja?" Wilma akauliza.

"Meza iko tayari, mwanangu. Tazama."

"Kwa nini umemfunika chakula? Atakulaje?"

"Lo! Ni desturi yangu tu. Kwetu chakula hakiachwi wazi." Akafunua haraka.

Bibi kizee alisema kitu. Wilma akatafsiri: "Bibi anauliza, imeonekana ishara? Upepo? Mlango? Au nzi? Kwetu mara nyingi huja kama nzi. Ukimwona usimfukuze, mwache ale."

Kile kipande cha karatasi kilikuwa bado mkononi mwa Lydia.

"Hakuna kitu bado," akasema. "Hakuna."

"Atakuja," Wilma akasema kwa upole. "Kwako atakuja. Alikupenda sana."

Simu ilipokatika Lydia alikaa sakafuni. Haamini mambo ya nzi. Alijiambia hivyo kwa sauti. Alisema, Bwana, wewe wajua siamini. Kisha akafungua ile karatasi, akatazama, bawa moja limekunjika, akaanza kulia kama mtoto aliyevunja chombo cha watu. Mara ya kwanza Sabina alimwita, hakumwitikia. Mara hii amekuja mwenyewe mpaka mezani, na yeye Lydia amempiga kiatu. Chumba kilikuwa kimya, sakafu ina joto. Yule mtoto wa mkate alikuwa amemgeuzia kichwa chake kisicho na kitu.

Aliteremka chini. Tanuri lilikuwa limepoa, Nurten anahesabu magunia ya unga. Lydia akamwambia habari ya nzi, kwa sababu kama asingemwambia mtu angepasuka.

"Umempiga Sabina kandambili?" Nurten akaanza kucheka, tumbo likatikisika, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. Akavuta viti viwili. "Kaa. Sikiliza, binti yangu. Huyo ni nzi wangu. Mimi namjua, amekaa hapa juma zima, ananilia sukari."

"Mama Nurten, si nzi." Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Lydia akalisema lile la tatu. Beji, mkoba, mara tatu.

Nurten alisugua unga vidoleni.

"Mimi nilikuwa hapa chini," akasema. "Siku ile. Nilisikia kitu kimeanguka juu. Nikadhani ni ndoo. Jumapili ni siku ya wateja, foleni mpaka nje. Nikapanda saa nane." Akatazama dari. "Wewe unatuona sisi Waturuki tuna duka, tuna msikiti, tuna mfuko wa mazishi. Ni kweli. Sisi tulikuja na shemeji na binamu, mmoja akianguka anaangukia juu ya mwingine. Yeye alikuja na begi. Lakini usitazame duka tu. Duka linataka mtu asimame kaunta. Mwanangu alitolewa shule na miaka kumi na mitano asimame hapo. Leo akipata barua ya halmashauri ananiletea mimi, na mimi nakuletea wewe. Binti wa Sabina ni mwalimu. Sabina alifagia, akamsomesha. Aliwahi kuniambia: wewe mtoto wako unaye, mimi wangu ana shahada, nani amefanikiwa? Nilimfukuza dukani siku hiyo." Akacheka kidogo bila furaha. "Na msiba ulipomfika, mimi mwenye mfuko nilifanya nini? Nilituma sinia ya mikate. Mfuko ni wa watu wetu. Ndivyo ulivyoandikwa."

"Nimwambie Wilma?"

"Mimi mtu wa kuoka. Usiniulize." Lakini Lydia alipofika ngazini, Nurten alisema nyuma yake: "Kama ni mwanangu, ningetaka kujua. Halafu ningekulaani. Halafu sijui."

Jumamosi hiyo haikuwa na shifti. Lydia alikesha hakukesha. Alisinzia kitini mbele ya meza, koti mabegani. Asubuhi supu ilikuwa imeganda ngozi. Saa tano u nusu Wilma alipiga, safari hii nyumba yao imejaa: mashangazi, watoto, bibi kizee katikati, mishumaa imewaka mchana.

"Tumebakiza nusu saa kumuaga," Wilma akasema. "Wewe ndiye utakayeanza sala, Mama Lidia, kwa sababu meza iko kwako."

"Wilma, mwanangu, subiri. Kabla ya sala." Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamkimbia. "Jana nilikudanganya. Nzi alikuja. Nilimuua. Sikujua, nilidhani ni uchafu."

Upande wa pili Wilma alitafsiri, na bibi kizee akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yakatikisika. Lydia hakujua analia au anacheka, na pengine mwenyewe hakujua.

"Na lingine," Lydia akasema. "Hilo la nzi ni dogo. Siku aliyokufa mama yako alinipigia simu. Saa nne na dakika kumi, na robo, na nusu. Tulikuwa tumeahidiana hospitali, mimi nikasema Jumatatu. Nilikuwa kanisani nikivishwa beji. Sikuipokea. Miaka mitatu umeniita rafiki, na mimi nimekaa kimya, nalala mahali alipolala."

Wilma hakutafsiri hili. Uso wake ulibaki palepale kwenye kioo cha simu, hata Lydia akadhani mtandao umekatika.

"Mara tatu?" Wilma akasema mwishowe.

"Mara tatu."

"Mimi hakunipigia. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, angekuwa ananiamsha. Hospitali walinitumia simu yake, ilikuwa imevunjika, haikuwaka tena. Miaka mitatu najiuliza, mama yangu alikaa kwenye chumba kile akaumwa mpaka akafa, hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwita? Nilidhani hakuwa na mtu." Alijifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Kumbe alikuwa naye. Hakuja."

"Sikuja."

"Ninakasirika, Mama Lidia. Sijui nikuambie nini. Ninakasirika sana."

"Kasirika, mwanangu. Ni haki yako."

Saa ya ukutani ilikuwa imefika sita kasoro dakika kumi. Bibi kizee, ambaye hakuwa ameelewa neno, alimgusa Wilma begani, akauliza jambo, akajibiwa kwa maneno machache. Alimtazama Lydia kwa muda kupitia kioo. Kisha akasema, na Wilma akatafsiri kwa sauti isiyo na joto wala baridi:

"Bibi anasema roho haiagwi na mtu aliyekaa. Anasema kama kuna safari alikuahidi, au ulimwahidi, ifanyeni. Ndipo ataondoka."

Lydia alisimama. Akavaa koti. Akachukua skafu ya ziada mlangoni bila kufikiri, akaiweka mkononi. Alisimama mbele ya meza, na akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza cha ndoo hakikuweza jambo hili:

"Sabina, dada yangu. Nimefika. Ni mimi. Inuka taratibu, usiharakishe. Twende."

Aliacha mlango wazi nyuma yake, akaushika kidogo, kama unavyomshikia mtu. Wakati anapita tanuri, Nurten alikuwa na wateja foleni mpaka nje. Alimwona Lydia na skafu yake mkononi, akaona anavyoteremka ngazi akibakiza nafasi upande wa ukuta. Akaacha kuhesabu chenji. Alifungua viganja mbele ya kifua, midomo ikatembea, wateja wakangoja.

Kituo cha basi hakikuwa mbali. Simu ilikuwa bado imewaka, Wilma hakuikata. Lydia alisikia tu pumzi, na nyuma yake mashangazi wakisali. Ndani ya basi alikaa dirishani kisha akasogea, akakaa upande wa njia. Kijana mwenye mkoba wa mazoezi akaonyesha kile kiti cha dirishani.

"Samahani, mwanangu," Lydia akamwambia. "Kuna mtu."

Kijana akatazama kiti, akamtazama mama mzima mwenye macho mekundu, akaenda kusimama nyuma.

Walishuka mbele ya hospitali. Ni vituo sita tu. Lydia hakuwahi kuvihesabu. Milango ya vioo ilifunguka yenyewe, ikafunga, ikafunguka. Alifika kwenye dirisha la mapokezi, na msichana wa pale akamwuliza kwa upole amsaidie nini, ni nani mgonjwa.

Lydia alifungua kinywa. Kazi yake ilikuwa ni kusema tu. Ndiyo aliyoombwa, wewe useme. Akainama karibu na kioo na kusema jina lote, Sabina na majina mawili ya baba na mama yake, polepole, herufi kwa herufi, na msichana akaanza kuyaandika.

Kwenye simu, mbali, Wilma alikuwa akilirudia lile jina pamoja naye.